Ukuta wa Nuur

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mikono yangu hupoa hata katikati ya jua la Garissa. Ilikuwa alasiri, katika miaka ile ya vita ambayo watu wa bara waliiita ya shifta, yaani ya majambazi, na ambayo sisi tulioiishi hatukuwa na haja ya kuipa jina. Nilisimama katika chumba cha rafiki yangu nikiwatazama askari wakivunja ukuta alioujenga kwa mikono yake, nami ndiye niliyekuwa sababu ya wao kufika.

Nakueleza haya kwa kuwa juzi ulinitembeza ndani ya nyumba yako, ukanionyesha bodi za jipsamu unazozifunga mwenyewe bila fundi. Kazi yako ni safi. Niliipima kwa timazi, sikutegemea sifa za rafiki zako. Lakini tulipoketi kunywa chai ulisema kwamba jirani yako naye anagonga nyundo mchana kutwa, milango ikiwa imefungwa, na kwamba inasemekana kuna kitu anachokificha. Neno hilo, inasemekana, ulilitamka kwa wepesi ule ule niliolitamka nao mimi nilipokuwa na umri wako. Sikukujibu siku ile. Nakujibu sasa.

Rafiki yangu aliitwa Nuur. Alikuwa dresa, akifunga vidonda hospitalini. Mimi nilikuwa karani na mkalimani, nikijivunia Kiswahili changu cha shule kuliko ilivyofaa. Wakati huo mifugo ilikuwa imekwisha, mingine kwa risasi na mingine kwa kutwaliwa, na watu wa nyikani waliamriwa kusogea karibu na mji. Mama yake Nuur, Halimo, ambaye sote tulimwita Eedo, yaani shangazi, alifika na ngamia mmoja tu. Juu ya ngamia huyo hapakuwa na chakula wala nguo. Palikuwa na dhigo zake.

Huenda wewe, uliyezaliwa chini ya mabati, huzijui. Dhigo ni fito ndefu zitokanazo na mizizi ya miti, hupindwa zingali mbichi, nazo ndizo mbavu za aqal, ile nyumba yetu ya mikeka. Mama humpa bintiye siku ya kuolewa. Mwanamke ndiye huijenga aqal, huivunja na kuipakia safari inapoanza. Mwanamume hana neno juu yake.

Nuur na mkewe waliishi katika nyumba ya mawe yenye chumba kimoja. Kumlaza mama mkwe na mke wa mwanawe bila kitu kati yao ni jambo ambalo heshima yetu hailikubali. Basi hospitali ilipobadilisha dari na kutupa bodi za zamani za chokaa, ambazo ndizo jipsamu zenu za leo, ila nzito zaidi na kingo zake zikimong'onyoka ukizigusa tu, Nuur aliomba ruhusa, akazibeba, akaamua kukigawa chumba mwenyewe.

Tulimcheka bila huruma. "Nuur, umeolewa na nani?" walimwuliza mkahawani. Nami nikaongeza, "Tuambie mapema, walaal, ndugu yangu, posa yako tuilete kwa mama au kwa baba?" Wenzangu wakapiga meza kwa kucheka. Nuur alitabasamu, akamaliza chai yake, akaondoka. Tangu siku hiyo alifanya kazi mlango ukiwa umefungwa na blanketi limetundikwa dirishani. Sisi ndio tuliofunga mlango ule, mwanangu. Halafu tukaanza kuulizana kwa nini umefungwa.

Mtu wa kwanza alisema amesikia nyundo. Wa pili alisema amemwona Nuur akiingiza kitu kirefu kilichoviringwa katika mkeka. Wa tatu, ambaye hakuwa ameona wala kusikia, ndiye aliyesema kitu hicho ni bunduki. Siku hizo aliyekutwa na bunduki hakuwa na maelezo ya kumwokoa, alinyongwa. Mimi nililijua hilo kuliko wote pale mezani, kwa maana kufasiri ndiyo iliyokuwa kazi yangu, na nilikwisha kuziona nyuso za watu wanapofasiriwa maneno kama hayo.

Asubuhi moja afande mmoja, kijana wa bara mwenye adabu, aliniuliza mjini kuna habari gani. Angeridhika kama ningemwambia habari za joto. Lakini nilitaka anione mtu anayejua mambo, nikasema, "Afande, inasemekana dresa Nuur ana kitu ndani ya ukuta." Kulisema kulichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za kiatu.

Alasiri hiyo hiyo askari wakaenda, nami nikaenda, kwa kuwa mkalimani hana hiari. Walimpigisha Nuur magoti, mikono kisogoni. Mama yake alikuwa ameketi mkekani, mkwewe amejibanza nyuma yake. Askari mmoja akaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, ukalia utupu. Akasogea hatua, ukalia utupu tena. Akasogea nyingine, sauti ikazibika. Aligonga pale pale mara ya pili, akamtazama afande, na afande akakubali kwa kichwa. Kitako cha bunduki kikapenya bodi kama mkate mkavu. Vumbi jeupe likatujaa machoni. Lilipotulia, tuliona fungu refu, limeviringwa mkekani, limesimamishwa wima ndani ya ukuta. Na mimi, Mungu anisamehe, kwa muda wa pumzi moja nilifurahi kwamba sikuwa nimesema uongo.

Mkeka ukakatwa. Zikaanguka dhigo.

Zililala sakafuni zimepinda, nyeusi kwa moshi wa miaka mingi. Askari alikanyaga moja kuona kama ina chuma ndani, nayo ikakatika. Mlio ule nausikia mpaka leo.

"Muulize, hivi ni vitu gani?" afande akasema.

Nikamwuliza, kana kwamba mimi mwenyewe sivijui.

"Ni nyumba yangu," Eedo akajibu. "Nilimwambia mwanangu sitalala ndani ya mawe huku mbavu za nyumba yangu zikikaukia nje juani. Akaniwekea humo, ili nilale kando ya nyumba yangu."

Nikafasiri. Afande akavua kofia, akamwamuru Nuur ainuke, kisha akaniambia nimweleze mama kwamba taarifa haikuwa sahihi.

"Taarifa ya nani?" mama akauliza.

Nikalifasiri swali. Afande akanitazama kwa mshangao. "Si yako, karani?"

Eedo hakujua Kiswahili, na afande hakujua Kisomali. Ningeweza kumwambia mama jina lolote, au nimwambie kwamba serikali haitaji majina, naye angeamini. Lakini Nuur alizijua lugha zote mbili. Alikuwa amegeuka ananitazama, uso umejaa vumbi la chokaa, bila hasira, kama mtu aliyepewa barua na akashindwa kuisoma. Mama alisubiri.

"Ni mimi, Eedo," nikasema.

Eedo akanyoosha kidole kwenye sehemu ya ukuta iliyobaki. "Gonga."

Nikagonga.

"Unasikia nini?"

"Utupu, Eedo."

"Na mlango wangu, wewe uliyekula humu ndani, uliugonga lini?"

Afande akauliza mama anasema nini. Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu, sikuweza kufasiri.

Walipokuwa wakitoka, mama aliniita. "Kesho ukitoka ofisini uje na nyundo. Mwanangu hatajenga mara mbili peke yake."

Nilikwenda, siku baada ya siku. Tulifanya kazi mlango ukiwa wazi, na wapita njia walinicheka mimi sasa, nami nilistahili. Nuur hakuniambia neno lisilohusu kazi. "Shika hapa." "Pima tena." "Usiuzamishe msumari hadi uchane karatasi." Alinifunza kukata bodi kwa kuchana uso mmoja kwa kisu na kuivunja kwa goti, kubandika utepe wa karatasi juu ya maungio, kupaka lipu nyembamba, kuiacha ikauke, kuisugua kwa msasa, na kupaka tena. Tulipomaliza, mgeni asingeweza kuonyesha mahali ambapo ukuta ulivunjwa. Mimi na Nuur tungeweza kupaonyesha tukiwa tumefumba macho.

Dhigo iliyokatika Eedo aliifunga kwa ukanda wa ngozi, akairudisha pamoja na nyingine. Bodi ya mwisho alitaka tuifunge kwa skrubu badala ya misumari. "Anayetaka kuona," akasema, "aje aombe bisibisi." Alicheka. Nuur hakucheka.

Nuur alinisamehe mbele ya mama yake, kwa maneno kamili. Tuliishi katika mji mmoja hadi uzeeni, na nilipovunjika mkono ni yeye aliyeufunga, vizuri sana. Lakini hadi alipofariki hakuwahi tena kunieleza jambo lolote la nyumbani kwake. Salamu zikiisha, alishika njia yake.

Kwa hiyo, mwanangu, kesho kabla hujachanganya lipu, nenda kwa jirani yako ukagonge mlango. Usiende kupeleleza, mwulize kama anahitaji mtu wa kumshikia bodi, maana bodi ya dari haiinuliwi na mtu mmoja. Mtu akikuambia inasemekana, mwulize ni nani aliyeona, aliona nini, na alikuwa amesimama wapi. Akikosa jina, maneno yake yaache mezani pamoja na vikombe vichafu. Na siku utakapojikuta unataka kulitamka neno hilo mbele ya mwenye uwezo juu ya shingo ya mwenzako, ukumbuke chumba kile, na magoti ya Nuur sakafuni.

Mwenyezi Mungu aisimamishe nyumba yako, aitulize kila nafsi itakayolala ndani yake, akujalie jirani atakayekugongea mlango kabla ya kugonga ukuta wako, nawe akufanye jirani wa namna hiyo. Amin.