Mtoto wa Kibuyu Kwenye Pantoni ya Karema

Aibu niliyoipata bandarini Karema bado ninayo, na kama si wajukuu zangu kunicheka kila tukikaa kumenya karanga, ningekufa nayo kimya. Lakini wameshaisimulia kanisani na sokoni, mpaka kijana anayeuza vocha hapa Kasokola ananiita Mama Kichanga, basi bora niiandike mwenyewe ilivyokuwa, kwa mwandiko wangu huu wa darasa la tatu, kuliko kuwaachia watu waiongezee chumvi.

Kwanza mjue habari ya dada yangu Agripina. Tulizaliwa kule Inyonga, baba yetu akiwa mrina asali, na akishavuna anaitia kwenye kibuyu, anaziba mdomo kwa gunzi la mahindi, sisi wasichana wawili ndio tunaipeleka nyumbani. Njia ile ilikuwa na watu wasio na haya. Kila unayekutana naye, nionjesheni wanangu, nionjesheni, na mtoto wa zamani hamkatalii mtu mzima, mkifika nyumbani kibuyu kimebaki nusu na mama anawasubiri na fimbo. Dada ndiye aliyepata akili. Akakifunga kibuyu mgongoni kwa mbeleko kama mtoto aliyelala, akatembea ameinama kidogo, na watu wakatupisha njia wakisema jamani vitoto vinavyojua kulea. Tukifika nyumbani tunaiweka ile asali salama, halafu tunajificha nyuma ya ghala tunanyonya kona ya mbeleko pale asali ilipopenya. Nyie wa siku hizi mna pipi za kila rangi, lakini utamu wa kitambaa kile hamtaujua.

Dada akaolewa na Mtabwa mmoja, mfanya biashara ya samaki, akavushwa kwenda Moba, Kongo, kwa boti la mbao, kutoka hapo hapo Karema. Nilisimama ufukweni mpaka boti likawa kama punje ya mtama. Tangu hapo tukawa watu wa kuandikiana barua, baadaye watu wa simu. Mwaka jana simu ikapigwa, sauti yake imekuwa nyembamba. Akaniambia chakula kimemshinda, mdomo hauna ladha ya kitu, wanaye wanamkorogea uji anaugeuzia uso. Akasema, "Mdogo wangu, nikiipata asali ya mzinga wa baba nitakula. Nikiikosa, basi tena."

Mizinga ya baba karibu yote imeoza, umebaki mmoja, juu ya mti wa mtundu kule mtoni, mtoto wa kaka yetu ndiye anautunza. Ukatoa kibuyu kimoja tu. Mkwe wangu Denis, mume wa kitinda mimba wangu, alikuwa anavusha mchele wa Mpimbwe kwa pikapu yake kwenda kuuza Moba, akasema atanichukua.

Huyo Denis ni mkwe wa heshima (nimpambe kidogo, anastahili). Hanigusi hata mkono, hakai nami meza moja, na hajawahi kunipinga mbele za watu. Kumbukeni hilo, maana ndilo lililotumaliza.

Njiani akanifundisha mambo ya pantoni, macho yake barabarani. Akasema gari linaingia na dereva peke yake, tena kinyumenyume, linafungwa minyororo, na ukishapanda juu hurudi tena kwenye gari mpaka ng'ambo. Abiria wanapita kwa miguu, hati ya kusafiria na kadi ya njano ya chanjo mkononi. Gari lote linapekuliwa. Na kitu chochote cha kula, mama, unawaambia wenyewe kabla hawajauliza.

Hilo la mwisho ndilo lililonikaa kooni. Niwaambie nini? Asali ya baba yangu iombewe ruhusa? Akilini nikamwona afisa akiimwaga ziwani mbele ya macho yangu, nikaona na dada akiugeuzia uji uso. Basi Denis alipokwenda kupanga foleni ya magari, nikaingia nyuma ya vyoo, nikakifunga kibuyu mgongoni kama zamani. Kwenye mkoba nilikuwa na kofia ya sufu niliyomfumia kitukuu cha dada, nikakivika kibuyu kichwani. Kikapendeza kweli. Nikatoka nikitembea taratibu, nikikipigapiga makalio.

Mwanzoni mambo yalikwenda. Watu walinipisha mbele ya mstari, tukasogea mpaka karibu na mlango wa chuma wa pantoni ambao magari yanaupandia. Hapo alisimama binti wa afya, mpole, ana kale kamashine ka kupima joto usoni. Akaniamkia, akanipima, nikawa mzima. Halafu akazunguka nyuma yangu akapima ile kofia. Kamashine kakalia. Akakafuta, akapima tena, kakalia tena (kibuyu kilikuwa kimepigwa na jua la Karema tangu asubuhi, kingekosaje homa).

"Bibi, huyu mtoto anaungua. Mama yake yuko wapi?"

Nikasema ametangulia. Akauliza baba je. Na Denis ndiyo kwanza anakuja na karatasi zake za gari, nikamnyooshea kidevu. Denis akaitazama kofia, akanitazama miguu, akatazama chini. Niliona jasho likimtoka puani.

"Ni wetu," akasema.

Mkwe wangu jamani! Badala ya kunivunjia heshima akakubali kuzaa kibuyu. Yule binti akasema mtoto mwenye homa ya namna hiyo havuki mpaka, wala baba yake, wala gari la baba yake, mpaka daktari aje. Nyuma lori likapiga honi. Mchele wa watu uko kwenye pikapu, dada yuko ng'ambo, na mimi bado nakibembeleza kibuyu, naogopa kuacha.

Ndipo nikasikia uvuguvugu unateremka mgongoni. Gunzi lilikuwa limelegea.

Nyuma yangu alikuwepo mama mmoja wa Mpanda mjini, muuza vitenge, wenzake wanamwita Mama Zaituni, mwenye mdomo wa kutosha bandari nzima. Akasema, "Bi mkubwa, mjukuu kakukojolea." Akanigusa kiunoni, akashangaa mkojo gani huu unanata. Akanusa kidole. Halafu, mbele ya watu wote, akakilamba.

Foleni nzima ikaguna. Mzee mmoja akatema mate pembeni. Mama Zaituni akafungua kinywa ajieleze, asipate nafasi, kwa sababu nyuki wa kwanza alikuwa ameshatua kwenye kofia, na nyuki mkimwona mmoja jueni ukoo wote uko njiani.

Watu walitupa mabegi. Yule binti wa afya, Mungu ambariki, hakukimbia, alipiga kelele mtoeni mtoto, baba mtoe mtoto. Denis akainua mikono, akairudisha, akainua, akairudisha, atanifunguaje mama mkwe wake? Nikavuta fundo mwenyewe. Sasa kwa haraka zangu za kule vyooni nilikuwa nimelibana fundo la mbeleko pamoja na la kitenge, vyote vikaachia kwa mpigo mmoja. Kibuyu kikadondoka kwenye kile chuma, kofia ikabiringika huku, kibuyu kikapasuka kule, na mimi nimesimama na gagulo langu la maua. Denis akageuka kulitazama ziwa kama anahesabu mawimbi.

Mtu mmoja aliyejificha nyuma ya lori akasema, "Mtoto kapasuka." Hapo ndipo walipocheka, walicheka mpaka mabaharia walioshika ndoo za kuoshea asali wakakaa chini.

Binti wa afya hakunifokea. Alinifunga kitenge, akanikalisha kivulini, akawa ananitoa miiba shingoni kwa kucha. Akasema polepole, "Bibi yangu, kibuyu kimoja cha zawadi ungenionyesha tu. Ningemwita mwenzangu akikague, ukavuka nacho mkononi."

Miiba ya nyuki haikuniuma kama maneno hayo. Asali ya baba nilitaka kuiokoa, nimeimwaga mwenyewe. Nikasema nirudi nyumbani, nitakwenda kumwambia nini dada. Denis akaja, amesimama mbali, bado anatazama ziwa, akasema, "Mama, tupande. Mama mkubwa anasubiri."

Tukavuka. Nilikaa juu na mbeleko yangu mapajani, inanata. Watu wananipiga picha, Mama Zaituni ameshapiga simu Moba nzima, na mimi naangalia vilima vya Karema vinavyopungua, nikajua sasa alichokiona dada siku ile kwenye boti, alivyoniona mimi nikiwa punje.

Dada alikuwa kwenye kigoda kwenye geti la bandari ya Moba, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Kabla sijamwamkia akasema, "Nasikia umekuja na mtoto mwenye homa."

"Amefia njiani, dada."

Akacheka mpaka akakohoa, wanaye wakamshika. Alipotulia akanyoosha mkono. "Mbeleko yake iko wapi?"

Nikampa. Akaitafuta kona kwa vidole, kona ile ile ya chini, akaitia mdomoni, akanyonya, macho amefumba. Nyuki mmoja wa Kongo akaja kuzunguka, hakuna aliyemfukuza.

"Mtundu," akasema. "Ule wa mtoni."

Halafu akaivuta kona nyingine akanipa mimi, tukakaa hapo, vikongwe wawili, tunanyonya kitambaa mbele ya watu wa bandari. Usiku ule alikula ugali, mdogo, lakini aliula.

Mimi tena na kuficha kitu mpakani, hapana. Mavuno yaliyofuata nilimpelekea asali kwenye ndoo, nikaitaja kabla hata hawajaniamkia, yule binti akacheka akaniuliza kama mtoto amepona. Dada aliipokea, akaonja kwa kijiko, akasema tamu. Kisha akanitazama mgongoni.