Mbwa Mwitu Aliyeogopa Tepe za Harusi

Mbwa mwitu wa kwanza niliyemwona kwa macho yangu alikuwa amelala tumbotumbo juu ya theluji, anatafuna utumbo wa mbuzi wa akika. Hakuuwinda. Ulikuwa umetupwa hapo. Aliukanyaga kwa mguu mmoja akawa anauvuta kwa meno kama mtoto anayecheza na chingamu, na uchafu wa tumbo la mbuzi ulimchuruzika kidevuni. Mimi nilikuwa nimemwota mnyama huyo tangu siku niliyofika Minnesota.

Lazima mjue jinsi watu wa mjini wanavyomtukuza. Mwenzangu mmoja kazini, kwenye chumba cha kufulia nguo cha hospitali kule Saint Paul, ana mbwa mwitu kwenye kikombe, ana mbwa mwitu kwenye sweta, na mwingine kamchora begani kwa wino usiofutika. Humwita roho ya msitu. Nami, kwa kuwa napenda kuota, nilimwamini. Nilidhani siku nikimwona nitasisimka mwili mzima. Basi nilisisimka, kwa kichefuchefu. Roho ya msitu iko jaani, inalamba mavi ya mbuzi.

Shamba lilikuwa la mjomba wangu, ndugu yake mama. Nasema lake, lakini alilikodi kwa bibi mmoja Mmarekani mwenye ng'ombe, mwendo wa saa mbili kaskazini ya nyumba yetu ya New Hope. Mjomba aliendesha teksi miaka mingi mpaka sukari ikamla mishipa ya mguu, mguu wa kukanyagia breki ukawa hausikii kitu. Daktari akamwambia akitaka kuua watu aendelee. Ndipo akanunua mbuzi, akahamia kwenye trela kuukuu pembeni ya zizi, akawa anawauzia watu wetu wa pwani mbuzi wa akika ya watoto wachanga na wa Idd. Ilikuwa kazi yake ya mwisho na aliijua hivyo. Shamba lile likimponyoka, hakuwa na pa kwenda isipokuwa kochi la sebuleni kwetu, na kochi lenyewe ni fupi.

Mimi nilikwenda kila Jumamosi, na mara nyingine nililala huko. Nilikuwa na ndoto zangu: mbuzi wangu mwenyewe siku moja, weupe watupu, na jibini, na kibanda cha kuuzia kando ya barabara chenye mapazia. Mjomba alinicheka, lakini majike wawili wenye mimba alikuwa ameshaniahidi watoto wao.

Sasa, wateja. Watu wetu wakishakaa huku miaka mitatu wanakuwa wa ajabu. Mtu aliyelelewa kwa supu ya kichwa na kongoro anakuja na gari refu kama jahazi, mbuzi wake achinjwe, achunwe, akatwe vipande, halafu anaziba pua. "Kichwa sitaki. Miguu sitaki. Huo utumbo ondoeni, watoto hawali." Watoto hawali! Watoto wanakula kuku wa boksi. Basi kila Jumamosi tukabaki na rundo la vitu ambavyo mama zao wangevigombania, na ardhi ya huku wakati wa baridi haichimbiki. Ukiipiga beleshi, linalia kama umegonga bati.

Hapo ndipo alipoingia mtaalamu wetu. Alikuwa mzee mwenye duka la nyama mjini, na kila mtu aliyekuja kunywa chai dukani kwake aliondoka ameshauriwa, atake asitake. Alikuja shambani siku moja na koti la manyoya, akalitazama rundo.

"Haya mwayapeleka wapi?"

"Twayatia mapipani, tunafunika," mjomba akasema. "Mpaka barafu iyeyuke."

"Mapipani! Yapelekeni kule mwisho wa uwanja, penye miti. Mwacheni mnyama ale ashibe. Mimi nimekulia bara ya Malindi, bwana. Zizi la babangu lilikuwa miiba mitupu, na kila jioni fisi watupiwa chao kwa nje. Mnyama ameshiba, mbuzi wako atamtakia nini?"

"Lakini huyu si fisi, babu," nikasema.

"Kwani huyu kasomea wapi? Mnyama ni tumbo na miguu minne. Mtoto wa kike, hebu nenda ukatazame chai."

Nikaenda nikatazama chai. Mjomba angeweza kumjibu, lakini mzee yule ndiye aliyempokea uwanja wa ndege alipokuja nchi hii, akavua koti lake mwenyewe akamvika. Mtu kama huyo kwetu hapingwi, hata akisema jua ni la bluu. Jioni ile tukaburuta mapipa mpaka mitini tukamwaga.

Walikuja. Kwanza kunguru weusi, kisha mbwa mwitu wenyewe. Niliona nyayo zao kwenye theluji, mstari mmoja, nikadhani ni mnyama mmoja mkubwa. Nyayo zilipofika penye kona zikachanua kama vidole, ndipo nikajua ni wengi, kila mmoja anakanyaga alipokanyaga mwenzake ili asichoke. Baba, mama, na watoto wao wakubwa wasiotaka kuhama nyumbani. Familia. Hilo nalo nililipenda kwa siku mbili tatu, nikawa nawahadithia watu kazini.

Halafu nikawaona wakiwinda. Ilikuwa asubuhi, niko dirishani mwa trela. Paa wa huku ni mkubwa kama ndama, na huyu alikuwa anazama kwenye theluji mpaka kifuani huku wao wanateleza juu juu kwa zile nyayo zao pana. Nikafumba macho. Nilipofumbua, paa amesimama. Kageuka, mgongo kwenye mti, anapiga kwato chini. Mashujaa wangu wakamzunguka, wakakaa kitako, mmoja akapiga mwayo. Wakaondoka! Paa mmoja kawakatalia tu, basi, wakaja zao moja kwa moja mitini kwetu kula kichwa kilichokataliwa na mtu wa gari refu.

Nikawaona ni wale wageni wanaonusa pilau kutoka mtaa wa tatu.

Kisha ikaingia Ramadhani. Hakuna anayefanya akika mchana wa Ramadhani ili akae anaitazama nyama tu, kwa hiyo wateja wakakatika, na matumbo yakakatika. Hakuna kati yetu aliyelifikiria hilo. Mzee wa bara ya Malindi hakulifikiria. Mbwa mwitu walikuja kama kawaida yao, wakakuta sahani tupu. Wakasubiri. Usiku wa pili ama wa tatu wakafuata tu njia ambayo tulikuwa tumewachorea wenyewe kwa kuburuta mapipa, kutoka mitini mpaka mlangoni mwa zizi.

Wale majike wawili wenye mimba ndio waliouawa. Mmoja alikuwa na tabia ya kula ncha za mtandio wangu. Walimkamata paja la nyuma, wakamla tumbo kwanza, na vilivyokuwa tumboni sitaviandika. Nililia mpaka miwani ikaganda. Mjomba alisema macho yake yanatoa maji kwa ajili ya baridi, nami nikamwambia ndiyo, ni baridi.

Bibi mwenye shamba alifika na pikipiki yake ya magurudumu manne kabla hatujamaliza kuwafunika. Mwanamke mwembamba, kofia ya mwanamume, suruali imetiwa viraka vya gundi. Alitembea mpaka mitini, akapiga teke fuvu la mbuzi, akarudi.

"Nani aliwaambia muwalishe?"

"Ni desturi ya kwetu," mjomba akasema.

"Desturi! Mmefungua hoteli." Hakupaza sauti. "Hawa nimeishi nao miaka. Baridi wanakula paa, kiangazi wanakula wale panya wakubwa wanaokata miti kule mtoni. Wanapita kando ya ng'ombe zangu kama watu wanaopita kando ya kanisa. Ninyi mmewafundisha kuwa zizi lina chakula."

"Waitwe watu wa serikali wawatege," nikasema kwa uchungu.

Alinitazama kama alivyolitazama lile fuvu. "Watawaua. Watakuja wengine, njia yenu itakuwa pale pale. Wewe ni wale wa mjini wanaowapenda au wale wa mjini wanaowachukia? Kwangu ni mamoja, nyote mnarudi kulala mjini." Kisha akamgeukia mjomba. "Ng'ombe zangu wanaanza kuzaa wiki ijayo. Ndama mmoja akiliwa kwa njia hii, unaondoka. Nikiuona tena utumbo kule mitini, pia unaondoka."

Mjomba akasema ameelewa. Bibi alipanda pikipiki yake, akafikiri, akazima injini. Akatuambia kuna watu hufunga kamba kuzunguka zizi na kuning'iniza vitambaa vyekundu vinavyopepea. Mbwa mwitu haelewi ni kitu gani, kwa hiyo anakiogopa. Inasaidia mwezi, labda miwili. Baadaye anazoea.

Mama yangu hupamba kumbi za harusi. Ana masanduku ya tepe za satini nyekundu, zile za kufungia viti. Nilipomwambia nazitakia nini, aliweka mikono kiunoni.

"Tepe zangu nikampambie mbwa?"

"Ni za mwaka jana, mama. Zina madoa ya pilau."

"Basi mpelekee na keki. Mwambie na picha zipo."

Akazitoa lakini, na akakaa nami kuzishona kwenye kamba baada ya sala ya tarawehe, huku anamlaani mzee wa duka la nyama kwa majina ambayo sikujua anayajua. Jumamosi mimi na mjomba tukaizungusha kamba, tepe zikining'inia karibu karibu. Zizi likawa kama ukumbi unaomsubiri bibi harusi.

Asubuhi ya Jumapili nilikuwa dirishani. Wakatoka mitini, mstari mmoja kama kawaida, yule mkubwa mbele. Akaja mpaka kwenye kamba. Akanyoosha pua. Upepo ukainua tepe moja, ile yenye doa la pilau kubwa kuliko zote, na yule bwana akaruka nyuma kama amekanyaga waya wa umeme. Mkia ukaingia katikati ya miguu. Walio nyuma wakamtazama yeye, wakatazama tepe, wakatazamana. Wakazunguka zizi lote kwa mbali, wanatafuta penye mwanya, hawakupata, wakaondoka wamenyong'onyea. Nilicheka mpaka nikamwamsha mjomba. Watoto wa kwetu hujifutia pua kwa tepe zile. Mnyama anayechorwa mabegani mwa watu kashindwa kuzipita.

Na bado, nilipokwisha kucheka, nilijikuta nawaombea wapate paa. Sikuwapenda tena, lakini nani anapenda kuona familia nzima inatembea na njaa?

Ardhi ikalainika. Mjomba akachimba nyuma ya banda la mbuzi shimo refu kupita kimo chake, akikaa chini kila mara kupumzisha mguu, akafukia kila kitu cha mitini. Ng'ombe wakazaa. Watoto wa paa wakazaliwa vichakani, na nyayo za mbwa mwitu zikahamia kule mtoni, kwenye tope. Tukazikunja tepe. Kila Jumamosi niliwatazama ndama wa bibi ng'ambo ya ua, na kila Jumamosi walikuwa wote.

Idd ya kuchinja watu walijaa, magari mpaka barabarani. Bibi mwenye shamba alikuja akaegemea ua, anatazama. Katikati ya shughuli ndipo alipofika mtaalamu wetu, kanzu nyeupe imepigwa pasi, na nyuma ya gari gunia la mifupa na mafuta kutoka dukani kwake.

"Idd mubarak! Nimewaletea wageni wako chao," akamwambia mjomba, na tayari kalibeba gunia anaelekea mitini. "Siku ya leo na wao wafurahi."

"Mzee," mjomba akasema. "Rudi nalo."

Akasimama. "Waniambia mimi?"

"Nakwambia wewe."

"Mimi niliyekupokea uwanja wa ndege?"

"Wewe uliyenipokea. Sijasahau, na sitasahau. Lakini gunia hilo haliendi mitini. Shimo liko nyuma ya banda. Beleshi hilo hapo. Utatia, na utafukia."

Watu wakaacha kuchuna, visu mikononi. Mzee akawatazama mmoja mmoja akitafuta wa kumtetea. Hao hao waliokunywa chai yake na kutikisa vichwa kwa hekima yake ya fisi, kila mmoja ghafla akawa na shughuli na mbuzi wake. Akanitazama mimi.

"Mwanangu, njoo unipokee."

Miguu yangu, jamani, ilishaanza kwenda. Mzee ni mzee, na ile kanzu ilikuwa nyeupe mno.

"Kaa hapo hapo," mjomba akaniambia.

Nikakaa. Mzee akaikunja kanzu mpaka magotini, akaburuta gunia nyuma ya banda, na tukamsikia anahema na beleshi linakwaruza. Alipotoka alikuwa na udongo mpaka kwenye ndevu. Alipofika penye watu akajipangusa, akasema kwa sauti, "Mambo haya lazima yafukiwe, jamani. Siku zote nasema." Na wapo waliotikisa vichwa.

Bibi alimngoja mjomba amalize na mteja. Ndipo akanyoosha kidole upande wa mtoni.

"Waya wa upande ule umelegea. Ukaze kabla ya baridi."

"Baridi ya mwaka huu?" mjomba akauliza.

"Unaijua nyingine?"

Akapanda pikipiki yake akaenda kwa ng'ombe zake. Mjomba akanituma plaizi ya kukazia waya, na akaanza kutembea kuelekea kwenye ule waya, watu wa Idd wakimwita nyuma yake.