Sola Iliyong'aa Kama Mabati

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ana cheti cha ufundi na mdomo mkubwa kukishinda.

Siku ile tulishuka Voi kutoka Mbololo kununua sola. Mtoto wangu ana pumu, na mashine yake ya kuvuta dawa ilihitaji betri inayojaa kila siku. Mume wangu yuko kazini Mombasa, kwa hiyo akaagiza niende na "mwanamume anayejua hivi vitu." Haya.

Dukani kulikuwa na mbili za ukubwa mmoja. Moja nyeusi tii, nyingine inang'aa hadi nikaona kwamba sijachana nywele. Msichana wa duka akasema tuchukue nyeusi. Akaeleza vizuri kabisa: uso wa silikoni yake umechongwa vilima vidogo visivyoonekana kwa macho, mwanga ukigonga kimoja unarushwa kwa kingine, mpaka unaingia ndani. Ile laini inaurudisha ulikotoka. "Ikikumulika machoni, dada, ujue huo mwanga haujafika kwa betri."

Nilielewa. Fizikia nilisoma hadi kidato cha nne, sikuwa naenda shule kupika.

Shemeji akacheka. "Vilima? Sisi tumetoka vilimani, usitufundishe. Shemeji, kitu kipya kinang'aa. Umeona wapi mabati mapya meusi?"

Kwetu mabati ndiyo kipimo cha kila kitu. Mtu akiezeka, na watu wa ng'ambo ya bonde wakifumba macho, basi huyo ameendelea. Akachagua sola kama anayenunua paa. Nami nikanyamaza, jambo ambalo bado linaniudhi kuliko yeye.

Wiki ya pili, saa nne asubuhi, jua kali, kifua cha mtoto kikaanza kupiga filimbi, mbavu zikiingia ndani. Nikawasha mashine. Ikanguruma kidogo, ikazima. Nilikimbia naye hadi zahanati, viatu mkononi. Waliponirudishia akipumua, nilirudi nyumbani nikamkuta injinia wetu uani, anapangusa sola kwa kitambaa.

"Labda ni vumbi," akasema.

Kesho yake niliibandua mwenyewe, nikairudisha dukani, nikaja na nyeusi. Shemeji akaiangalia kama maiti. "Umeuziwa mtumba, shemeji."

Nikaifunga palepale. Jumamosi betri ilikuwa imejaa, mtoto ana barakoa ya dawa usoni, mashine inanguruma bila kusita. Nikaona waya mwingine umechomekwa kando: simu ya shemeji, inakula chaji ya mtoto wangu. Nikaichomoa.

"Aii, haijajaa hata nusu!"

Nikamwekea mkononi. "Mtoto bado anavuta."