Nilivyoupeleka utani wa msibani kwa Sajenti: kambi ya mkonge Kimamba, enzi za Mwingereza

Wakuu, salaam. Mtakaotaka kuniamkia, marahaba kabisa, maana kwa umri wangu sidhani kama humu ndani yupo wa kunizidi.

Nitakayoyaandika nimeyaona kwa macho na mengine nimeyafanya kwa mdomo wangu huu. Wale wa "bila picha ni chai", jamani, picha za enzi ya Mwingereza nikazitoe wapi? Kamera Kimamba nzima alikuwa nayo meneja, na alikuwa anapiga picha farasi wake.

Nabonyeza kwa kidole kimoja. Shule yangu ni madarasa mawili kwa mapadri, Songea. Herufi zikipinda mzinyooshe wenyewe.

Basi.

Mimi ni Mngoni. Nilifika Kimamba kama manamba, yaani kibarua wa mkataba. Tulipakiwa kwenye lori Songea na namba shingoni, tukashushwa kwenye mkonge hujui mwanzo wala mwisho. Nilikuwa na miaka ishirini hivi. Uhuru bado, ingawa watu walishaanza kuunong'ona.

Mkonge sitawasimulia sana. Jani lina mwiba nchani kama sindano, rafiki yangu mmoja alipoteza jicho wiki ya kwanza. Na maji yanayotoka kwenye korona, ile mashine ya kukamua jani zibaki singa, yananuka kiasi kwamba ukienda likizo kwenu mama yako anakukumbatia huku amegeuza uso pembeni.

Haya, nimepotea. Turudi.

Kambi ilikuwa na safu za nyumba kwa makabila. Safu ya Wangoni, ya Wahehe, ya Wabena, ya Wanyamwezi. Wizi ukazidi. Sufuria, blanketi, kuku, baiskeli ya fundi. Meneja akakaa na polisi wa Kimamba, wakaamua kila safu itoe watu wawili wa kulinda kwa kujitolea. Tukapewa rungu na kitambaa cheupe cha kufunga mkononi. Malipo hakuna.

Safu yetu tulitoka mimi na Komba, Mngoni mwenzangu, mtu mfupi mwenye sauti kubwa.

Kazi yetu haikuwa rungu tu. Kila Jumamosi asubuhi tulikwenda kituoni, tunasimama barazani mbele ya Sajenti, kila mmoja anasema alichosikia kambini wiki nzima. Nani kanunua shati jipya, nani kagombana na nani. Sajenti anaandika kwenye daftari. Alikuwa anasema, "Mimi sitaki mawazo yenu. Nataka mliyoyasikia."

Watu wakatuita mbwa wa Sajenti.

Aliyelipenda jina hilo kuliko wote ni Kiswaga. Huyu alikuwa Mhehe, mkataji hodari, mwenye mke na binti mdogo pale pale kambini. Wangoni na Wahehe ni watani, babu zetu walipigana mpaka wakachoka, kilichobaki ni kutukanana. Sisi tunasema Mhehe anakula mbwa. Kwa hiyo Kiswaga akituona na vitambaa vyetu anapiga kelele safu nzima, "Mama Zaina! Injika sufuria, mboga inapita na miguu yake!"

Komba anamjibu, "Njoo unile, utakufa na mfupa kooni!"

Nilikuwa nacheka mpaka tumbo linauma. Vijana wa siku hizi mnatukanana mitandaoni mnaita utani. Ule siyo utani. Mtani akikutukana amekuheshimu.

Asubuhi moja Komba akakutwa kwenye mfereji wa maji ya korona. Kichwa kimepasuka.

Kama alipigwa na wezi, kama aliteleza, hakuna aliyejua. Sajenti alikuja, akapima pima kwa hatua, akatuambia walinzi wote, "Fungueni masikio. Aliyefanya hili atasema mahali."

Tukamzika kesho yake.

Hapa niwaeleze kidogo wale mliokulia mjini. Kwenye msiba mtani ana kazi yake. Wafiwa wamevunjika, hawawezi kitu. Mtani ndiye anashika jembe, anavaa nguo za marehemu, anamwigiza alivyokuwa anatembea, anaingia kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe kuku. Anatukana maiti. Watu wanacheka katikati ya kilio, na kile kicheko ndicho kinawafanya waweze kurudi nyumbani kupika. Bila mtani msiba haujakamilika.

Kiswaga siku ile alifanya kazi yake. Alivaa kofia ya Komba, akajifunga kitambaa cheupe mkononi, akaruka kaburini, akalala chali.

"Mnahangaika kumtafuta aliyemuua!" akapaza sauti kutoka mle chini. "Ni mimi! Mbwa wa Sajenti akakatiza mbele ya Mhehe, mlitaka nifanyeje? Nimempiga rungu moja tu, na chumvi nilikuwa nayo mfukoni!"

Ndugu zangu, shangazi yake Komba, aliyekuwa akiishi safu yetu na hajala tangu jana, alicheka akakaa chini. Na mimi nilicheka. Tulimtoa Kiswaga kwa jogoo mmoja.

Halafu ikaja Jumamosi.

Nimefika barazani. Sajenti ana uso mzito, siku tano hajapata neno. Wenzangu wanasema hawajasikia kitu. Mimi nikataka kumchangamsha. Naapa ilikuwa hivyo, nilitaka acheke. Nikamsimulia Kiswaga alivyoruka kaburini, nikaigiza mpaka na sauti.

Wenzangu wawili wakacheka.

Sajenti hakucheka. Alikuwa mtu wa pande za Ziwa, hana mtani hata mmoja Kimamba nzima. Akachovya kalamu.

"Rudia maneno yake. Polepole."

Nikarudia. Nilipofika kwenye rungu nikasita. Nikasema, "Afande, lakini yule..."

"Nimekuambia sitaki mawazo yako." Akaandika mpaka mwisho, akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu nianze kwenda pale. "Una masikio wewe. Nitakuandikia kwa Bwana Inspekta. Utavaa kofia ya askari."

Wakuu, mimi nilikuwa nakata mkonge. Mikono yangu haikuwa na ngozi. Nikanyamaza.

Jumapili mchana tukaenda kumkamata, Sajenti, askari wawili na mimi wa kuonyesha njia. Kiswaga alikuwa kilabuni, mbele yake kopo la pombe ya komoni.

"Wewe ndiye Kiswaga?"

"Ndiye mimi, mla mbwa."

"Ulimuua Komba?"

Kiswaga akanitazama. Akatazama askari. Uso wake ukafunguka kwa furaha. Akadhani ni mimi, mtani wake, nimekuja kulipa yale ya kaburini.

"Aaa, Mngoni! Leo umenipatia! Umeazima mpaka askari wa serikali!" Akasimama, akampigia Sajenti saluti. "Ndiyo afande, nimemuua. Na huyu mwenye masikio namfuata, ila hana nyama. Nitamfanya supu."

Kilabu kizima kikaangua kicheko.

Sajenti akanigeukia. "Umesikia?"

Ni hapo, wakuu. Nimeishi miaka mingi, nimezika watu wengi, lakini nikifumba macho narudi hapo. Neno lenyewe lilikuwa fupi. *Ni utani, afande.* Basi.

Nikasema, "Nimesikia, afande."

Wakamfunga pingu. Bado anacheka. Anawaonyesha watu zile pingu kama bibi harusi anavyoonyesha bangili. Akapanda gari mwenyewe, hakusukumwa. Gari lilipoanza kuondoka ndipo nikaona amenyamaza. Ananitazama. Anasubiri nimalize mchezo.

Nikainamisha kichwa, nikafunga kitambaa changu vizuri.

Wiki ya pili mke wake, Mama Zaina, akanijia. Hakunitukana. Akasema, "Mtani, twende Kilosa ukawaambie. Wewe ulikuwepo. Wewe unajua."

Tukafuata reli kwa miguu, alfajiri mpaka jua la utosini. Bomani tukakutana na karani mwenye miwani.

Akafungua faili. "Maneno haya alisema au hakusema?"

"Alisema, bwana. Lakini ni mtani."

"Sikukuuliza ni nani wako. Alisema?"

"Alisema."

"Sasa unataka tuandike nini? Au ulimdanganya Sajenti? Maana hilo nalo lina kifungo chake."

Mama Zaina amesimama nyuma yangu, nasikia anavyohema.

Nikasema, "Hapana, bwana. Sikumdanganya."

Na kweli sikumdanganya. Hakuna neno hata moja nililoongeza. Tulirudi Kimamba yeye akiwa mbele, mimi nyuma.

Kiswaga akapelekwa Morogoro kungoja kesi. Kesi hakuifikia. Alishikwa na tumbo la kuhara akafia mahabusu, wakamzika huko huko. Hakuna mtani aliyeingia kaburini mwake. Na aliyemuua Komba, kama yupo, sijui mpaka leo. Kofia ya askari sikuipata, Sajenti alihamishwa na mimi nikarudi kwenye mkonge.

Mnadhani imeishia hapo.

Nilikuwa na mke pale kambini, na mwaka uliofuata mtoto wetu wa kwanza alikufa kwa homa. Alikuwa ameanza kusimama kwa kushika ukuta.

Wahehe wote wa kambi walikuja. Hakuna aliyekosa. Walichimba kaburi, walichota maji, walipasua kuni. Kila kitu walifanya. Lakini kimya. Hakuna aliyeruka kaburini. Hakuna aliyenidai jogoo. Hakuna aliyeniita mbwa. Nasikia majembe tu, na mke wangu analia, na kile kilio hakina pa kupumzikia.

Mama Zaina alikuwa anafagia uwanja. Nikamwendea. Nikasema, "Mama Zaina, nakuomba. Nitukane. Hata neno moja."

Akaendelea kufagia.

"Maneno yetu yanavalishwa pingu siku hizi, bwana," akasema. Hakuniita mtani. Aliniita bwana.

Mke wangu alikataa kukaa Kimamba. Tukaondoka, tukazunguka, mwisho tukaweka kibanda huku Mikumi, wakati huo tembo wanapita kama mbuzi wa jirani. Nipo hapa mpaka leo.

Kilichonifanya niandike ni kikao cha juzi cha ulinzi shirikishi mtaani kwetu. Vijana wazuri, wana filimbi na koti zinazong'aa, wana hata group la WhatsApp pamoja na polisi. Mmoja akasema kwa majivuno, "Mzee, siku hizi sisi tunarekodi kila kitu, tunatuma kama kilivyo." Watu wakapiga makofi. Mimi nilishindwa kuinua mikono.

Funzo langu ni hili, na siyo kwamba muache kulinda, wezi wapo. Ukipeleka neno la mtu kituoni, mpeleke na yule mtu alivyokuwa: alikuwa wapi, anaongea na nani, waliomsikia walicheka au walikimbia. Na ukiona umekosea sema pale pale, mbele ya kila mtu, ukiwa bado unatetemeka. Ukisubiri utulie, utakuwa umechelewa. Woga wangu ulidumu dakika moja. Mwenzangu ulimmaliza.

Haya, uwanja ni wenu. Mwenye swali aulize, mwenye kunihukumu ahukumu, sitajitetea.

Ila kama yupo Mhehe humu ndani amesoma mpaka hapa, ninamwomba kitu kimoja. Asinipe pole. Anitukane. Nitakuwa nafungua simu kila asubuhi kuangalia.