Bangi Iliyoombewa

Jumatano, katikati ya mwezi wa saba. Jua limewaka tangu asubuhi kama pambo tu. Baridi ya Doornfontein, hapa Johannesburg, imepita chini ya mlango na ndani ya sweta, ikaenda kukaa kwenye mbavu zangu za kushoto, ambako siku hizi ndiko kwake.

Mbavu hizo zilishikwa na mkanda wa jeshi mwaka jana. Vipele vilipona, moto ukabaki. Blauzi ikinigusa tu nachomeka. Mimi ni fundi cherehani. Kazi yangu nguo, na mwili wangu umeamua kuchukia nguo. Nalala nimekaa kwenye kiti. Juzi nilishona gauni la harusi mkono mmoja mfupi kuliko mwenzake. Bibi harusi alilia, nami simlaumu. Mwenye karakana alisema nikiharibu jingine, meza yangu anampa mtu mwingine. Naye simlaumu sana.

Daktari alishanipa vidonge vya kila rangi. Vingine vilinilaza mchana na mkasi mkononi. Mwishowe akanong'ona, kama mtu anayekuuzia simu ya wizi, kwamba yapo mafuta ya bangi, matone ya kuweka chini ya ulimi, ila lazima aniombee ruhusa kwa mamlaka ya dawa, kwa jina langu mwenyewe. Alinieleza mara mbili bila kukunja uso. Ni mtu mwema.

Sasa, jirani wa ghorofa ya juu anavuta bangi yake kila jioni. Sheria ya hapa inamruhusu mtu mzima kuvuta kwake, na moshi wake unashuka ngazi zote bila kuomba ruhusa popote. Mimi mgonjwa ndiye niliyeambiwa nilete pasipoti, nitaje vidonge vyote vilivyonishinda, nitie sahihi kwamba nimeelewa, kisha nisubiri. Ningeweza kugonga kwa jirani, lakini haruhusiwi kuuza, na mgeni kama mimi havunji sheria kwa kujaribu. Labda utaratibu huo una maana yake. Mimi niliishia darasa la saba, sijui. Na kwa haki niseme: ruhusa ilikuja, na hakuna aliyeomba chai.

Aliyekataa ni mume wangu. Yeye ni mlinzi, na Jumapili ni shemasi wa kanisa letu, kanisa la Wakongo wenzake.

"Bangi haiingii humu," alisema.

"Baba, ina kibali cha serikali."

"Serikali ndiyo itakupeleka mbinguni?"

Mwishoni akalegeza: iingie, lakini nisionje mpaka iombewe. Kanisani kwetu dawa mpya haimezwi kabla akina mama wa maombi hawajaiwekea mikono, hata ikiwa ya kikohozi. Basi leo walikuja, mama mchungaji mbele. Ningesema tu ni dawa ya mishipa, tungemaliza. Nikasema ni ya bangi. Sijui kwa nini siwezi kunyamaza.

Mama mchungaji aliondoa mkono kwenye chupa kana kwamba ni sufuria ya moto. Kisha akavaa miwani.

"Inasaidia nini?"

"Maumivu, mama."

"Hata ya goti?"

Maombi yakawa mafupi kuliko yote yaliyowahi kufanyika humu ndani. Kabla sijafumbua macho vizuri, mama mmoja alishatoa kichupa cha marashi kwenye mkoba, kitupu, kimeoshwa. Mwingine aliuliza kama nina kijiko.

"Nigawie kidogo tu, dada," alisema mama mchungaji.

"Mama, imeandikwa jina langu. Nikigawa ni kosa, na ruhusa wataniondolea."

"Weye! Tumeombea chupa nzima, kumbe ni ya mtu mmoja? Joburg imekufundisha uzungu."

Hapo niliona aibu. Mkanda ulipoanza, ni mama huyuhuyu aliyenigawia nusu ya vidonge vya mumewe na kunipaka mawese mgongoni. Havikusaidia kitu, lakini alinipa. Kwetu dawa inagawanywa kama chumvi, na mimi nilikumbatia chupa yangu kama mchawi. Nilimwambia Jumatatu nitampeleka kwa daktari wangu, aombewe ruhusa yake. Akajibu kwamba foleni anaijua, hahitaji kuonyeshwa.

Walipoondoka niliweka matone. Ladha ni ya majani makavu yaliyokaangwa na mtu asiyejua kupika. Nikajilaza kitandani, kitandani kweli, na moto wa mbavuni ukawa kama jiko linalozimwa polepole. Au ni maombi. Siwezi kuapa ni kipi.

Niliamshwa na mume wangu, simu mkononi.

"Umewanyima dawa akina mama wa kanisa?"

"Si ulisema ni bangi?"

"Ilikuwa bangi kabla ya kuombewa."

Nilikuwa nimelalia ubavu wa kushoto, na nilitaka nibaki hapo kidogo.

Mama mchungaji alikuwa ametuletea sombe, kisamvu cha Kikongo, akaondoka nayo, sufuria na mfuniko wake. Tumekula ugali na samaki wa kopo kutoka spaza, kiduka cha mtaani, na nyanya mbili zilizobaki.