Aliyefika Namanyere Kabla Yangu

Sina nguvu ya kutunga uongo. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, na ukitaka kucheka cheka tu, maana najua watu wakisikia Sumbawanga hufikiria uchawi, wakaanza kwa kucheka.

Mimi ni fundi wa majokofu ya kuhifadhia chanjo. Leo niko Mwanza, kesho kutwa Songea, Jumatatu Tabora, kila mara kwa zile ndege za bei nafuu zinazokuuzia tiketi kwenye simu, halafu zinakubadilishia saa ya kuondoka kwa meseji ukiwa umeshafika uwanjani. Begi moja la mgongoni, magoti yamebanwa na kiti cha mbele. Kuna asubuhi naamka gesti, nakaa kitandani najiuliza: hapa ni wapi? Kwa mama, mwaka ule, sikuwa nimekanyaga kabisa.

Mama alikuwa anaishi peke yake Namanyere. Siku moja akanipigia. "Mwanangu, njoo. Nina neno la kukuambia, na si neno la kwenye simu." Nikamwahidi Alhamisi. Nikakata tiketi ya Dar kwenda Sumbawanga, kutoka pale nipande basi.

Alhamisi hiyo tulichelewa kuondoka. Tulipofika juu ya Ufipa, karibu kutua Sumbawanga, ukungu ulikuwa umefunika kila kitu. Rubani akazunguka, akazunguka tena, kisha akatangaza tunarudi uwanja wa Songwe, kule Mbeya. Tukalala Mbeya. Nikampigia mama, hapatikani. Kulipokucha wakasema ndege hakuna, basi nikapanda gari la asubuhi kupitia Tunduma, nikabadilisha Sumbawanga, nikashuka Namanyere Ijumaa saa kumi jioni, miguu imevimba, masikio bado yanavuma.

Kutoka stendi hadi kwa mama si mbali, ni njia inayopita katikati ya mahindi. Hapo ndipo nilipokutana naye.

Alikuwa anatoka upande wa nyumbani. Kwanza niliona koti, kama langu. Kisha uso. Niamini, ndugu yangu, ulikuwa uso wangu, mpaka hili kovu la kidevuni. Tofauti ilikuwa moja: yeye alikuwa amepumzika. Macho maangavu, mabega yametulia, kama mtu aliyelala wiki nzima. Akanipisha njia, akasema kwa sauti yangu, "Pole na safari," akapita. Ungefanya nini wewe? Nilipogeuka, njia ilikuwa tupu, na mahindi hata hayakutikisika.

Mama alikuwa barazani anapepeta ulezi. Aliponiona akatabasamu.

"Umesahau nini tena?"

"Shikamoo mama. Ndiyo kwanza nafika."

Akaweka ungo chini. Akaniambia nilifika jana, kabla jua halijazama. Nilikula ugali, nikalala kitanda changu cha zamani, asubuhi nikaziba paa la jiko linalovuja. Kutwa nzima nilikaa naye na sikushika simu hata mara moja. Jirani aliyeshikilia ngazi baadaye alinieleza hayo hayo.

"Na lile neno?" nikauliza.

"Nilishakuambia. Ulilia, nikakufuta machozi."

Nikapandisha sauti, najuta mpaka leo. Nikamwambia yule si mimi, niambie tena. Nikamwonyesha tiketi, nikamsomea meseji za watu wa ndege. Mama hakuitazama simu. Alinitazama mimi, akauliza taratibu, "Yule mbuzi uliyemlilia ukiwa mdogo, tulimwita nani?"

Mungu ni shahidi, nilijaribu. Mbuzi nilimkumbuka, rangi yake, kamba yake. Jina halikuja. Kichwani mlikuwa na namba za viti na saa za kuondoka tu.

"Mwenzako alilitaja kabla sijamuuliza," mama akasema. "Neno lile ni la mwanangu. Siwezi kuligawa kwa watu wawili, nisijue nimempa nani."

Alinipa chakula, akanitandikia blanketi safi, lile la wageni. Kesho yake tulimwita padri akaiombea nyumba. Mama aliitikia sala zote, ila kwangu hakubadilika. Nilirudi mara nne kabla hajafariki. Kila mara alinikaribisha vizuri, akanishukuru kwa sukari na kanga. "Mwanangu" hakuniita tena.

Bado naruka, kazi ndiyo hiyo. Kwenye foleni za viwanja natazama nyuso. Siogopi. Nataka tu kumuuliza yule mwenzangu, mama alimwambia nini.

Wewe unayenisikiliza, kama umemwahidi mzazi siku, fika siku hiyo. Ukishindwa, mtume ndugu, mtume hata jirani, fanya lolote lile, lakini usiiache siku yako ikae wazi. Mimi yangu niliiacha wazi mara moja tu.