Mashine Isiyomjua Mzaramo

Nilikuwa na miaka ishirini na tano, nauza viatu vya mitumba Mchikichini, na nilikuwa nimepata kazi ya kuendesha lori la mafuta hadi Zambia. Kilichobaki ni cheti cha afya tu, pamoja na kipimo cha moyo. Nikaenda kwenye zahanati moja Mchafukoge, nimenyoa na kujipulizia marashi, utadhani moyo unapigwa picha ya harusi.

Kwenye fomu kulikuwa na sehemu imeandikwa "Asili". Nikajaza kwa herufi kubwa: MZARAMO WA KISARAWE. Dada wa vipimo akacheka, akasema mashine yake haina Mzaramo, kwenye mashine akaiacha sehemu hiyo wazi. Akanibandika nyaya kifuani, karatasi ikatoka na milima yake, na chini kabisa mashine ikaandika kwamba moyo wangu si wa kawaida.

"Daktari yupo Jumatatu, kaka. Usiwe na wasiwasi," akaniambia.

Kuambiwa nisiwe na wasiwasi ndiko kulikonimaliza. Ilikuwa Ijumaa. Asubuhi yake nilikuwa nimebeba marobota ya viatu bila kutweta. Mchana nilirudi sokoni najishika kifua kila hatua kumi. Jirani yangu wa meza, Mnyamwezi, mtani wangu, alipoiona ile karatasi hakunipa pole. Alivua ndala, akauweka mguu wake sambamba na wangu.

"Kufa tu, Mzaramo. Saizi yetu moja."

Jioni nikaenda mtaa wa Gerezani kwa mchumba wangu, fundi cherehani. Posa ilishapokelewa, tulikuwa tunasubiri Ramadhani ipite tufunge ndoa. Nikamtolea hotuba niliyoipanga njia nzima: sitaki awe mjane, namwachia nafasi, atafute mwenye moyo mzima. Nilijiona muungwana kwelikweli. Hata sauti niliikwaruza kidogo.

"Daktari ndiye kasema?" akauliza.

Nikamjibu daktari wa nini, mashine imeshasema. Hakulia, na nikiri kwamba hilo liliniudhi.

Jumatatu daktari aliniuliza kama nimewahi kuzimia, kama kifua kinauma, kama kuna ndugu aliyefariki ghafla. Yote hapana. Akanisikiliza moyo kwa muda mrefu, kisha akaikunja karatasi.

"Mashine hii imezoeshwa mioyo ya Wazungu," akasema. "Vijana wengi wa kiume wa Kiafrika, wazima kabisa, mstari wao hupanda hivi hivi. Kaendeshe lori lako."

Nilikwenda Gerezani mbio. Nikamsimulia mchumba wangu huku nacheka peke yangu: kumbe nilipimwa kwa moyo wa mtu mwingine! Akasimamisha cherehani.

"Na mimi ulinipima kwa moyo wa nani?" akauliza. "Miaka mitatu tuko pamoja, ukadhani ukiumwa nitakukimbia?"

Nikaanza kueleza kwamba nilikuwa namhurumia. Akaniinulia mkono ninyamaze, na nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona tena.

Wiki iliyofuata nilikuwa mpakani Tunduma, kwenye foleni ya malori, mama akanipigia simu kuniambia posa imerudishwa. Nikazima injini, nikalia palepale kwenye usukani, kijana mzima asiye na ugonjwa wowote.